ORS na zinki: dawa ya bei ndogo inayoharibiwa na kipimo cha maji

Mtoto akianza kuharisha, pesa ya familia yenye kipato kidogo huishia kwenye dawa ya kukata kuhara na antibayotiki ambazo mara nyingi hazihitajiki. Pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwa maji, ndiyo ingetangulia.

Pakiti ya lita moja ina gramu 20.5: glukosi (aina ya sukari) 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, sitreti ya sodiamu 2.9 na kloridi ya potasiamu 1.5. Sukari humo haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Ndiyo inayovusha chumvi kwenye ukuta wa utumbo, kisha maji yakafuata. Kwa hiyo usiongeze sukari, wala usikoroge kwa soda au juisi, kuhara kutazidi.

Kasoro kubwa iko kwenye vipimo. Zipo pakiti za lita 1, za mililita 500 na za mililita 200, na kwa macho zinafanana. Soma kwanza. Ya lita ikikorogwa kwenye nusu lita, chumvi inakuwa kali na ya hatari kwa mtoto. Maji yakizidi, haisaidii. Kugawa unga nusu kwa nusu ili kubana matumizi nako hakufai, kwani chembe hazigawanyiki sawa. Chemsha maji, yaache yapoe, mimina pakiti nzima, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Kila akiharisha, aliye chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100, mkubwa kidogo 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea taratibu. Kunyonya kusikatizwe.

Lawama kwamba ORS "haikati kuhara" ni ya kweli, ila si kazi yake: inarudisha maji yaliyopotea. Inayofupisha kuhara ni zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto chini ya miezi sita, siku 10 hadi 14. Wengi huiacha choo kikishakuwa kigumu, nusu ya vidonge ikabaki kabatini.

Pakiti za ORS zenye ladha ya chungwa? Gramu zikiwa zilezile, unalipia ladha tu.

Damu kwenye choo, macho yaliyobonyea, mtoto kulegea au kushindwa kunywa: hapo pakiti haitoshi, apelekwe kituo cha afya mara moja, akinyweshwa njiani kama anaweza kumeza.