Nairobi hadi New York bila kubadilisha ndege: uzoefu wangu na mama

Kama unampeleka mzazi Marekani, na mzazi mwenyewe hajazoea viwanja vya ndege vya ng'ambo, lipia ndege ya moja kwa moja. Nimesafiri na mama kwa njia zote mbili: kupitia Ulaya, na kwa Dreamliner (Boeing 787) ya Kenya Airways inayotoka uwanja wa JKIA, Nairobi, hadi JFK, New York, bila kutua popote, safari zilizoanza Oktoba 2018.

Tulipopitia Ulaya, kazi ilikuwa pale katikati. Kushuka na magoti yanayouma, kutembea geti hadi geti, kuvua viatu tena kwenye ukaguzi, huku mama akiniuliza kila mara kama mabegi yametufuata. Nilimjibu ndiyo ili atulie tu.

Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Ukipitia Dubai unaongeza karibu 2,700, kwa sababu unaanza kwa kuipa Marekani mgongo. Ndege ya moja kwa moja huchukua takriban saa 15 kwenda, na kurudi hupungua hadi 14 hivi: upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi huikabili ndege ikienda na kuisukuma ikirudi.

Tuliondoka usiku, na hilo lina faida yake. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyobeba mafuta ya safari ndefu kiasi hicho hupaa vizuri zaidi kukiwa na baridi. Hata hivyo ilikimbia kweli kweli kabla magurudumu hayajaacha lami. Mama alikuwa amenishika mkono.

Ndani ya 787 hewa huwekwa kama uko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi, wakati ndege nyingi za zamani hufikia 2,400. Kwa mtu wa Nairobi, kimo hicho cha 787 kina tofauti ndogo sana na cha nyumbani. Mama, ambaye kila akisafiri hushuka kichwa kikimgonga, safari hii alishuka akiulizia chai. Dirisha nalo halina pazia, lina kitufe. Ukikibonyeza kioo kinageuka buluu taratibu. Alikibonyeza weee, na nje giza tupu.

Siti za daraja la kawaida zimepangwa tatu tatu. Mwenye miguu inayovimba akae kando ya njia, ainuke mara kwa mara, anywe maji. Mzazi wa presha au sukari amwone daktari wake mapema wapange saa za dawa, maana New York iko nyuma yetu kwa saa 8 majira ya baridi na 7 majira ya joto. Unatua kwao asubuhi, mwili unahesabu mchana. Dawa zenyewe zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende na mizigo.

Bei ndiyo kikwazo. Mara nyingi tiketi ya kuunganisha huwa nafuu, na kijana mwenye begi moja mgongoni simkatazi kuichukua. Kwa mama, akitaka kwenda tena kumwona mjukuu, ndugu zangu na mimi tutachanga hiyo tofauti.