Guitar Pro 8 kwa anayejifunza gitaa la roki: inapofaa na inapokwama

Anayejifunza gitaa la wimbo wa roki ana mambo mawili ya kujua: kidole kinakaa wapi, na nota inaangukia pigo lipi. La kwanza hata picha inalimaliza. La pili ndilo linalowaangusha wengi, na ndilo linaloipa Guitar Pro thamani yake. Programu hii ya Arobas Music ya Ufaransa ipo tangu 1997. Toleo la 8 lilitoka 2022, linatumika kwenye Windows na macOS, na leseni yake hununuliwa mara moja, si kwa malipo ya kila mwezi. Inaonyesha tablatura, yaani mistari ya nyuzi yenye namba za mahali pa kubonyeza, na nota za kawaida pamoja, kisha inazipiga, ala moja moja au zote kwa mpigo.

Ili kuipima sawasawa, chukua wimbo ambao karibu kila mpiga gitaa ameugusa na wengi wanaukosea: “Smoke on the Water” wa bendi ya Deep Purple, uliorekodiwa Montreux, Uswisi, Desemba 1971. Unaonekana mwepesi mno kwa kazi hii. Lakini wimbo mwepesi hauna pa kuficha makosa, ya programu wala ya mpigaji.

Jambo la kwanza ni faili lenyewe. Guitar Pro inafungua mafaili yake ya zamani yote yanayozagaa mtandaoni, kuanzia .gp3 na .gp5 mpaka .gpx na .gp ya sasa. Mengi yameandikwa na watu wa kawaida kwa kusikiliza, na ubora wake unapishana sana. Kwa hiyo usianze kufanya mazoezi kabla hujakagua vipimo vinne vya mwanzo, yaani visehemu vya mapigo manne manne vinavyotenganishwa na mistari.

Rifu ya wimbo huu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, ina jozi 12 za nota. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wa bendi hiyo, hapigi ile kordi ya sauti mbili iliyozoeleka kwenye roki, yenye nota ya msingi chini na ya tano yake juu. Anapiga nyuzi mbili zilizopakana kwenye freti ileile, yaani kigawanyo kimoja cha shingo ya gitaa. Jozi ya kwanza ni freti ya 5 kwenye uzi wa tano na wa nne (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa), yaani D chini na G juu. Ya pili ni freti ya 3 kwenye uzi wa nne na wa tatu: F na B flati. Ya tatu ni freti ya 5 kwenye nyuzi hizohizo: G na C. Safari ya pili inapanda hadi freti ya 6, A flati na D flati, halafu inashuka kwenye 5. Ukifungua faili ukakuta rifu imeandikwa kwenye uzi wa sita freti ya 3 pamoja na uzi wa tano freti ya 5, aliyeandika alibahatisha. Utautambua wimbo, lakini utasikika mzito na wa chini kuliko ulivyo.

Tofauti hiyo ina sababu. Amplifaya inapokwaruza sauti, nota mbili zinazopigwa pamoja huzaa nota ya tatu ambayo hakuna kidole kilichoipiga, na nota hiyo hutegemea umbali kati ya zile mbili. Kwa jozi za Blackmore, inayozaliwa iko oktavo mbili chini ya nota ya juu, kwa hiyo G ya juu inapata G nyingine ya chini kabisa kuisindikiza. Ndiyo maana nota mbili tu, tena za katikati ya shingo ya gitaa, zinajaza chumba. Kubadilisha faili lililokosewa ni kazi ya dakika chache: weka kishale kwenye uzi unaotaka, andika namba ya freti, futa ile ya zamani. Hapa programu ni nyepesi kweli, na yeyote anayejua kutumia kibodi ataizoea upesi.

Faili halikuambii kwamba Blackmore hatumii piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, kwenye rifu hii. Anazinyofoa nyuzi mbili kwa vidole, kwa wakati mmoja. Piki, hata ikishuka haraka kiasi gani, inagusa uzi mmoja kabla ya mwingine na kuacha mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila jozi. Tumia kidole gumba na cha shahada, nyofoa kuelekea kiganjani. Ukiona nyuzi zinagonga freti na kutoa mlio wa bati, unanyofoa kwa kuzivuta mbali na ubao wa gitaa badala ya kwenda nao sambamba.

Sasa twende kwenye mapigo, mahali ambapo Guitar Pro inastahili kila sifa inayopewa. Hesabu kwa sauti: moja na, mbili na, tatu na, nne na. Jozi tatu za kwanza zinaangukia moja, mbili, tatu. Ya nne haiangukii nne. Inaangukia “na” iliyo baada ya nne, kisha inavuka mstari na kuingia kipimo cha pili, kwa hiyo pigo la moja la kipimo hicho halina jozi mpya. B flati inakuja kwenye “na” ya moja, D flati kwenye “na” ya mbili, C inatua kwenye tatu na kukaa. Kipimo cha tatu kinaanza tena moja, mbili, tatu, halafu B flati kwenye “na” ya nne, na G inafunga kwenye “na” ya moja ya kipimo cha nne.

Kosa la kawaida ni kuipiga jozi ya nne mapema, kwenye nne yenyewe, au kuisubirisha hadi moja ya kipimo kinachofuata. Mtu akipiga peke yake hasikii kosa, kwa sababu anajifuata mwenyewe. Ngoma zikiingia tu, kila kitu kinapinda. Dawa yake kwenye programu: chagua vipimo viwili vya kwanza pekee, washa kurudia, shusha kasi hadi asilimia 60, nyamazisha traki ya gitaa, yaani mstari wa ala hiyo peke yake, na uache ngoma na metronomu inayohesabu mapigo. Wimbo unakwenda karibu na mapigo 112 kwa dakika, kwa hiyo utabaki na 67 hivi. Kabla ya kushika gitaa, piga makofi mahali pa kila jozi huku ukitazama kishale kinavyotembea. Makofi yakikaa sawa, vidole vitafuata.

Mafaili ya wimbo huu huwa na traki ya kinanda pia, na hiyo isiachwe bila kuguswa. Jon Lord, mpiga kinanda wa bendi, anaipiga rifu pamoja na gitaa kwa kinanda cha Hammond kilichopitishwa kwenye amplifaya ya gitaa, kwa hiyo ule unene unaousikia kwenye rekodi na kudhani ni gitaa ni ala mbili zilizokumbatiana. Nyamazisha kinanda usikie gitaa linabaki na nini. Wengi huongeza mkwaruzo wa amplifaya mpaka mwisho wakitafuta unene ambao haukutoka kwenye gitaa, na matokeo yake jozi zinageuka uji. Punguza. Nota zote mbili za jozi zisikike kila moja kwa jina lake.

Kiitikio hakina ugumu kwa vidole: sasa ndiyo kordi za sauti mbili za kawaida, C kutoka uzi wa tano freti ya 3, A flati kutoka uzi wa sita freti ya 4, G kutoka freti ya 3. Ubeti nao umejengwa juu ya G ukigusa F. Ugumu uko kwenye maungio. Mkono wa kulia unatoka kwenye vidole unaingia kwenye piki, na piki ilikuwa wapi wakati wote huo? Ikunje ndani ya kiganja kwa vidole vya mwisho tangu mwanzo wa rifu. Na unapoweka kipande cha kurudia, usikate kwenye mstari wa kipimo. Anzia pigo mbili kabla ya sehemu mpya na umalizie pigo moja baada yake. Anayefanyia mazoezi ubeti peke yake na kiitikio peke yake huwa anavijua vyote viwili, na bado anaanguka katikati.

Kuna kipengele cha kupandisha kasi chenyewe: unaweka asilimia ya kuanzia, ya kuishia, na hatua. Ukianza 60, ukaishia 100, kwa hatua ya 5, utazunguka mara tisa. Ni kipengele kizuri chenye hatari moja. Guitar Pro haikusikilizi. Inapanda iwe umepiga sawa au umekosea, na mtu hujikuta amefika asilimia 85 akiwa anarudia kosa lilelile kwa haraka zaidi. Kwa kipande kigeni, weka kasi kwa mkono na usiipandishe hadi upige mara kadhaa mfululizo bila kuteleza. Kipengele cha kupandisha kasi chenyewe kiwe cha mwisho, kwa kipande ambacho tayari kimekaa.

Jambo kubwa lililoongezwa kwenye toleo la 8 ni traki ya sauti halisi. Unaingiza rekodi yako ya wimbo ndani ya faili na kuifunga na tablatura kwa alama za ulinganisho. Kwa mtu wa roki, hili peke yake linatosha kuhama kutoka matoleo ya zamani. Lakini lina kazi yake. Rekodi nyingi za miaka ile zilipigwa bila metronomu, na kasi inapanda na kushuka jinsi bendi inavyopumua. Ukiweka alama moja tu mwanzoni, tablatura na sauti vitaagana kabla ya ubeti kwisha. Weka alama kwenye jozi ya kwanza ya rifu, kisha kila baada ya vipimo vinne, na nyingine mahali kila ala mpya inapoingia. Ukimaliza, sikiliza rekodi na traki ya gitaa kwa pamoja. Panaposikika kama gitaa mbili zinakimbizana, hapo panahitaji alama zaidi.

Ukipunguza kasi, rekodi nayo hupungua bila kubadilika sauti yake. Chini ya nusu ya kasi, mwanzo wa kila nota unaanza kuyeyuka na huwezi tena kusikia kama imenyofolewa au imepigwa kwa piki, kwa hiyo kwa kusikiliza mguso baki juu ya hapo. Na kama gitaa lako limetyuniwa vizuri lakini linagongana na rekodi fulani, tatizo huenda ni rekodi: nyingi za zamani hazikai kwenye A ya mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo cha kawaida cha kutyuni. Tyuni kwa kufuata rekodi.

Solo ndipo programu inapoonyesha mipaka yake. Kuvuta uzi kunaandikwa kwa mshale wenye kipimo, sauti nzima au nusu, na jinsi programu inavyoupiga mvuto huo ni sahihi kihesabu lakini imekufa kimuziki. Mpigaji wa kweli huchelewa kidogo, huvuta, hufika, ndipo hutetemesha. Sauti za Guitar Pro zimetokana na ala halisi zilizorekodiwa na ni nzuri kwa kazi hii, ila waandishi wengi wa mafaili hawajisumbui kuweka nguvu tofauti za nota, hivyo kila kitu kinatoka kwa uzito mmoja. Kwa solo, tumia tablatura kujua freti, kisha inyamazishe kabisa ubaki na traki ya rekodi. Kipimo cha mvuto ni rahisi: piga kwanza nota unayoilenga bila kuvuta, isikie, ndipo uvute uzi mpaka ufike pale. Mvuto usiofika ndio unaofanya solo nzima isikike chafu hata kama freti zote ni sahihi.

Unaweza pia kuchomeka gitaa kwenye kompyuta kupitia kiunganishi cha sauti na kupiga kwa kutumia amplifaya za ndani ya programu. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, inayopunguza ucheleweshaji wa sauti, na uanze na bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128. Bafa ikipanda sana, utapiga na kusikia baadaye, na mtu huanza kuwahi bila kujua ili kufidia. Bafa ikiwa ndogo mno, sauti inakatika na kutoa milio ya kupasukapasuka. Mwenye amplifaya yake hana haja na kipengele hiki. Kitafuta sauti cha kutyuni kimo, kinafanya kazi. Picha ya shingo ya gitaa inayowaka nota zikipigwa inasaidia siku za mwanzo, kisha ifungwe, kwa sababu macho yakiizoea masikio yanalala.

Anayetaka kuambiwa amekosea wapi, Guitar Pro haitamsaidia, na anayejifunza kushika kordi zake za kwanza ataona vitufe vingi kuliko anavyohitaji. Programu ya simu huuzwa kivyake na haina uwezo wote wa ile ya kompyuta. Ambaye hajawa na uhakika, ajaribu toleo la majaribio, au aanze na TuxGuitar, ambayo ni ya bure, inafungua mafaili ya .gp5, inarudia vipande na kupunguza kasi. Sauti zake ni duni zaidi, lakini “na” ya nne inaangukia mahali palepale.