Ngome ya Lamu: msiishie Mkunguni, ingieni ndani

Sisi wa Lamu tunaijua Ngome kwa nje. Pale Mkunguni, uwanja wa mbele ya lango, tunapiga soga chini ya miti, punda wanapita na mizigo ya sokoni, na lango liko wazi mchana kutwa, lakini anayeingia mara nyingi ni mgeni. Mimi nimeingia na shangazi yangu wa Malindi, na nasema bila kusita: ingieni, tena mchukue mtembezi wa kuwaongoza.

Shangazi alikuwa ameshaizuru Fort Jesus ya Mombasa. Kule Wareno walijenga kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, wakauchonga mwamba wenyewe: handaki la kuizunguka ngome, na njia iliyopasuliwa kuelekea baharini. Akawa anauliza michongo kama hiyo hapa iko wapi. Hapa haipo. Ngome yetu ni mawe ya matumbawe yaliyobebwa na kuungwa kwa chokaa. Sogea mahali lipu ilipobanduka ulitazame jiwe: limejaa vitundu kama sega la asali. Shangazi alibandika kiganja pale akakiacha. "Baridi, mwanangu, na nje jua linachoma vile!"

Kisa cha Vita vya Shela peke yake kinatosha kukutoa nyumbani. Pate na Mazrui wa Mombasa walikuja kuishika Lamu, wakashindwa vibaya pale Shela. Wazee wa Lamu hawakulewa ushindi. Wakijua kisasi kinaweza kuja, wakamwendea Sayyid Said wa Omani awape ulinzi. Ngome ikakamilika 1821. Wakati huo ilikuwa ukingoni mwa maji. Panda juu, simama upande wa bahari, utazame mapaa yaliyo kati yako na majahazi: hapo ndipo palipokuwa pwani. Nimezaliwa mji huu na sikuwahi kuufikiria hivyo.

Chini, kuzunguka ua, ni vyumba vilivyokuwa vya wafungwa. Ngome iligeuzwa jela tangu 1910 hadi 1984, ndipo ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Watembezi wengi hupapita hapa haraka waende kwenye vita. Mwombeni atulie. Kuna watu wazima mjini wanaoikumbuka jela hiyo vizuri, na vijana wetu wanadhani pamekuwa makumbusho siku zote. Simama ndani ya chumba kimoja, tazama unene wa ukuta, utaelewa kwa nini walipachagua.

Maonyesho mengine nayo ni mazuri, ila moyo wangu ulibaki ukutani na juu ya paa.

Raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, kwa hivyo bebeni vitambulisho. Nendeni asubuhi kabla jua halijakaza, maana juu hakuna kivuli. Mwenye magoti mabovu apande polepole. Shangazi alipumzika katikati ya ngazi, akafika.