Matembezi ya Cable Street London: nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja nawaambia kwanini nimeibana

Nimeenda haya matembezi Jumapili ya kwanza ya Oktoba 2025 na tangu siku hiyo kichwa hakijatulia, kwahiyo naandika. Wabeba boksi wenzangu mlioko London, hasa nyie wa kea (kuhudumia wazee na wagonjwa), wa usafi na wa maghala, hili si tangazo na hakuna alienilipa, nimelipa mwenyewe na nimechoka miguu mwenyewe.

Iko hivi. Mzee mmoja Mwingereza, mstaafu wa reli, anawatembeza watu kama ishirini kwa miguu mitaa ya East End, mashariki ya London, kwa masaa mawili na nusu, anasimama hapa na pale anaeleza namna watu wa kazi za mikono walivyowazuia mafashisti kupita Cable Street mwaka 1936. Haina kampuni wala ofisi, sisi tangazo tulilipata kwa rep (mwakilishi) wa chama chetu cha wafanyakazi kazini. Unalipa unachoweza, wanapendekeza pauni 10, na kuna dada mmoja alikuja hana kitu na hakuna aliemuuliza.

Nilivyofikia kwenda: Jumamosi ya 13 Septemba nilikuwa shifti. Ndo siku ya yale maandamano ya Tommy Robinson, yule mchochezi dhidi ya wahamiaji, polisi wenyewe walikadiria watu 110,000 mpaka 150,000. Bibi ninaemhudumia, Mzungu, umri unakaribia tisini, alikuwa anaangalia tv akanishika mkono akasema usipande treni saa hii mwanangu, kaa kwanza. Nikakaa. Nilikaa pale jikoni kwake lisaa lizima bila malipo nasubiri mji utulie ili mtu anaewaogesha wazee wao aweze kufika kwake. Ile saa iliniuma kuliko matusi yoyote niliyowahi kutukanwa. Mi nimeishi Barking miaka ishirini, nimeona BNP, chama cha wabaguzi wa wageni, wanapata madiwani 12 mwaka 2006, na nimeona wanaangushwa wote 2010. Nimeona Agosti 2024 watu wanaivamia hoteli ya waomba hifadhi kule Rotherham na kujaribu kuitia moto watu wakiwa ndani, kisa uongo wa mtandaoni kwamba aliewaua wale watoto waliochomwa visu Southport ni mkimbizi. Kwahiyo rep aliposema kuna matembezi nikasema naenda, nataka kujua waliotutangulia hapa walifanyaje.

Mnaanzia Brick Lane, kona ya Fournier Street, mbele ya msikiti. Mzee akatuambia tuangalie ukuta tu kwanza. Jengo lilijengwa 1743 na Waprotestanti wakimbizi kutoka Ufaransa kama kanisa lao, baadae likawa la Wamethodisti, 1898 likageuka sinagogi la Wayahudi waliokimbia mauaji ya dola la Urusi, 1976 likawa msikiti wa Wabangladeshi. Matofali ni yaleyale. Na kila kundi lililofika, anasema, liliambiwa maneno yaleyale, mnashusha mishahara, mnajaza nyumba, mnaleta magonjwa. Hapo alinikamata.

Kutoka hapo mnashuka mpaka bustani ya Altab Ali, na hapa ndo lawama yangu ya kwanza. Altab Ali alikuwa kijana Mbangladeshi, mshonaji wa kiwanda cha nguo, alichomwa kisu usiku wa 4 Mei 1978 akitoka kazini, siku hiyohiyo ya uchaguzi wa madiwani. Siku kumi baadae watu kama elfu saba walitembea nyuma ya jeneza kutoka pale mpaka Hyde Park na Downing Street, mvua inanyesha. Hii habari imepewa dakika saba nane hivi, nusu yake kelele za basi! Watu wa pale walikuwa bado wanauliza maswali tukaambiwa tusonge. Mtu aliekufa akitoka kazini, tena sisi nusu ya kundi tulikuwa tumetoka kazini usiku wa kuamkia matembezi, alistahili muda zaidi.

Aldgate mzee akachangamka, hapo ni nyumbani kwake. 4 Oktoba 1936, Jumapili. Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, na wafuasi wake waliovaa mashati meusi wanataka kuandamana katikati ya mitaa ya Wayahudi, makusudi, kuwatisha. Wakazi walikusanya sahihi karibu 100,000 kwa siku chache wakampelekea waziri wa mambo ya ndani, John Simon, apige marufuku. Akakataa, akaleta polisi, zaidi ya 6,000 pamoja na wote wa farasi, wa kuwasafishia njia. Basi watu wakajaa barabarani wenyewe. Dereva wa tramu moja aliisimamisha katikati ya njia panda akashuka akaiacha hapohapo, na nyingine nyuma yake zikakwama. Njia ya kwanza ikafa.

Polisi wakajaribu Cable Street, kule upande wa bandari. Na pale kwenye kibao chekundu kona ya Dock Street ndo mzee alisimulia vizuri kuliko sehemu zote, maana alisimulia kwa vitu: lori limepinduliwa, magodoro, mbao, gololi zimemwagwa chini ya kwato za farasi, kina mama wako madirishani juu wanawamwagia polisi maji machafu na kila uchafu wa jikoni. Na hawakuwa Wayahudi peke yao. Walioshuka kuwasaidia walikuwa makuli wa bandarini, wengi Wairish Wakatoliki. Kwanini? Kwasababu 1912, makuli walipogoma mpaka nyumbani hakuna chakula, mafundi cherehani Wayahudi walichukua watoto wao wakawalisha na kuwavisha. Miaka 24 baadae wale watoto walikuwa watu wazima. Wahenga wetu walisema wema hauozi na mi nilisimama pale kwenye lami nikalia, siwafichi. Babu mzaa mama alikuwa kuli bandari ya Dar, mgomo wa 1947 alikuwemo, na alikuwa akisema mgomo unashikwa na mwenye kukupikia wakati huna. Sikuwahi kuelewa maana yake mpaka pale Dock Street.

Mkuu wa polisi, Philip Game, mwishowe akamwambia Mosley geuza, nenda kwingine. Hawakupita. Waliokamatwa ni kama 150 na wengi wao ni hawa waliozuia, sio wale waliokuja kuchokoza, na wiki moja tu baadae vijana wa mafashisti walivunja vioo vya maduka ya Wayahudi Mile End. Nampa hongera mzee kwa kusema hilo waziwazi, maana wengi wakisimulia wanaishia kwenye ushindi.

Na nampa hongera kubwa zaidi kwa hili: alisema kuli sio malaika. Aprili 1968, baada ya mbunge Enoch Powell kutoa ile hotuba yake dhidi ya wageni, makuli wa London haohao waliacha kazi wakaandamana mpaka bungeni kumuunga mkono. 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, wabeba nyama wa soko la Smithfield waliandamana wasipokelewe. Kuwa mfanyakazi hakukupi kinga, inategemea nani kakufikia kwanza, mwenzio au mchochezi.

Hapo nikanyoosha mkono nikauliza vipi mgomo wa Grunwick, maana yeye alikuwa anataka kuiruka. Nyie mnaotoka Afrika Mashariki hii ni yenu. 1976 kiwanda cha kusafisha picha kule Willesden, mama mmoja mfupi sana, Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat alieishi Tanzania kabla ya kuja Uingereza, aliongoza wenzie kutoka nje, wengi Wahindi wa Kenya, Uganda na Tanzania. Walidai chama na heshima. Na 1977 walikuja maelfu kuwaunga mkono, wachimba makaa wa Yorkshire, wafanyakazi wa posta wa Cricklewood waliogoma kubeba barua za kiwanda, na makuli wa Royal Docks, bandari ya London, na bendera yao. Makuli! Miaka 9 baada ya kumshangilia Powell. Mgomo ulishindwa 1978, lakini kitu kilikuwa kimegeuka. Mzee alijibu kwa sentensi mbili akasema iko mbali na njia yetu. Kweli iko mbali, ila mdomo hauhitaji treni mzee wangu.

Mnamalizia kwenye mchoro mkubwa wa mapambano yale ya 1936, ukutani kwa St George's Town Hall, karibu na stesheni ya Shadwell. Ulikamilika 1983 baada ya wafuasi wa siasa zilezile kuuharibu 1982 ukachorwa upya. Kauoneni, picha za simu haziutendei haki, farasi na magazeti na ngumi vinazunguka kama kimbunga.

Na hapa ndo ile nyota niliyoibana. Kisa kikubwa kuliko vyote kimewekwa dakika tano za mwisho, watu washaanza kuangalia saa za treni. Ni hivi. Mwaka mmoja baada ya Cable Street, 1937, jengo moja la wapangaji Mile End, Paragon Mansions, familia mbili zinataka kutolewa nje kwa deni la kodi. Ikajulikana kuwa hao ni wanachama wa Mosley. Chama chao hakikuwasaidia chochote. Waliokuja kuwazibia milango madalali wa mahakama wasiingie ni Wakomunisti wa Stepney, hapohapo East End, kina Phil Piratin, haohao waliopigana Cable Street. Piratin alisimulia baadae kwamba zile familia zilichana kadi za mafashisti. Kisha wapangaji wa Stepney, Wayahudi na Wakristo mlango kwa mlango, wakaanzisha umoja wao, na 1939 Langdale Mansions na Brady Street wakagoma kulipa kodi wiki 21 mpaka wenye nyumba wakashuka bei na kukarabati. 1945 Piratin akachaguliwa mbunge wa Mile End.

Jamani hii ndo ya kuanza nayo! Vizuizi vya barabarani vilimzuia Mosley siku moja. Kilichomnyang'anya watu wake ni mtu kugonga mlango wa jirani anaemchukia na kumwambia hutoki humu, tutasimama na wewe. Mi nilitaka masaa mawili ya hiyo tu.

Kwasababu kazini kwetu yuko mama mmoja mzaliwa wa Dagenham, tunafanya kea ya majumbani pamoja, 13 Septemba alikuwa kule kwenye bendera, kwenye maandamano ya Robinson. Huwa ananiambia sikusemi wewe, nasema wale wengine. Nilikuwa nimeacha kumsalimia. Ila mimi na yeye wote hatulipwi dakika za kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine, siku nyingine inafika masaa mawili, na aliekula hayo masaa hakuja na boti kama wakimbizi wanaolaumiwa. Jumatatu baada ya matembezi nilimkuta kituo cha basi nikamwonyesha mahesabu yangu kwenye daftari. Akatoa simu akanionyesha yake. Barua ya madai imeshaandikwa, sahihi yake iko juu ya yangu.

Vitu vidogo: vaeni viatu vya maana, hakuna choo njiani mpaka mwisho, mwenye kiti cha magurudumu ajue kona ya Leman Street ina msongamano. Mzee hana kipaza sauti, kaeni mbele.

Yaliyofuata yalipangwa Novemba 2025. Nimeomba nafasi mbili.