Kadi za Besiboli za Zamani: Ipi Ikapimwe Daraja, Ipi Ibaki Kwenye Boksi

Karibuni tena, watazamaji wangu. Mnakumbuka lile boksi la viatu nililolinunua kwa dola 40 hapa Columbus, Ohio, kwa jirani aliyekuwa akiuza vitu vyake vya zamani mbele ya gereji. Tangu niwaonyeshe kadi za besiboli zilizomo ndani yake, vile vikadi vyenye picha za wachezaji ambavyo watu huvikusanya, swali mnaloniuliza ni moja tu: je, zipelekwe kupimwa daraja? Kwa hiyo leo bidhaa ninayoichambua si kadi zenyewe, bali ni huo upimaji, na nimechagua kadi tatu zitusaidie.

Kwa ndugu ambao jambo hili ni geni kwao, nieleze kwa ufupi. Unaituma kadi kwa kampuni kama PSA, iliyoanza mwaka 1991, au SGC. Wakaguzi wao huangalia kama kadi ni halisi na kama haijachezewa, kisha huzitazama pembe, kingo, uso na mlingano wa pambizo. Mwishowe huipa namba kati ya 1 na 10 na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lisilofunguka bila kuvunjwa. Ada hulipwa kwa kila kadi, nayo hupanda kadiri thamani ya kadi inavyopanda, na hapo hujahesabu posta wala bima.

Kadi ya kwanza ndiyo iliyonifanya nivute kiti nikae. Ni Mickey Mantle, nyota wa timu ya Yankees ya New York, kadi ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952, namba 311. Nakala moja ya kadi hiyo, iliyopewa 9.5 na SGC, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6 mwezi Agosti 2022, kwa hiyo mtanisamehe mikono ikitetemeka kidogo. Lakini tazameni rula hii ya mwanangu wa shule. Kadi za Topps za mwaka ule zilikuwa na upana wa karibu sentimita 6.7 na urefu wa 9.5. Hii yangu ina 6.4 kwa 8.9. Hiki ni kipimo cha kadi za siku za baadaye, na kwa kweli Topps wenyewe walizichapisha upya kadi za 1952 katika mwaka 1983, kwa umbo hili dogo. Rula imemaliza kesi, na ada imebaki mfukoni.

Rula isipotosha, chukueni kioo cha kukuzia mara kumi, mtazame herufi. Kwenye kadi nyingi za asili wino mweusi wa maandishi umejaa wote, bila mwanya. Kwenye nakala iliyopigwa picha kutoka kwa kadi nyingine, hata herufi huwa zimegeuka nukta nukta kama picha yenyewe.

Kadi ya pili ni Thurman Munson wa Yankees, Topps ya 1971, namba 5, akiwa katikati ya vumbi la mkimbiaji anayeserereka. Hii ni halisi, na watu wa Ohio wanaipenda kwa sababu Munson alikulia Canton, akafa mwaka 1979 katika ajali ya ndege yake mwenyewe karibu na uwanja wa ndege wa huko huko. Tatizo ni pambizo nyeusi. Kila kadi ya mwaka ule inazo, na weusi wake hubanduka ukiigusa vibaya hata mara moja. Nikiisogeza karibu na kamera mtaona weupe wa karatasi ukichungulia kwenye pembe zote nne, kama rangi ya mlango uliopigwa na jua la miaka. Mimi naipa 3. Kadi hii katika daraja hilo ni ya makumi ya dola tu, na mkishatoa ada, posta, na asilimia 13 hivi inayochukuliwa na soko la mtandaoni, mtaona kwamba mmeifanyia kazi kampuni ya upimaji bure. Ingekuwa na pembe kali ningesema mengine, kwa sababu hizi nyeusi zikiwa safi ni adimu na wakusanyaji hugombania.

Sasa hii ya tatu, ambayo nimeibakiza kwa makusudi. Topps ya 1968, namba 177, pambizo zenye sura ya gunia, na vijana wawili wa Mets, timu nyingine ya New York: Jerry Koosman na Nolan Ryan. Ni kadi ya kwanza ya Ryan, yule aliyekuja kuwatoa wapigaji 5,714 kwa straiki, yaani kwa mipira waliyoshindwa kuipiga, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia. Pembe zimeviringika. Nikiinamisha chini ya taa, kuna mkunjo mwembamba unaopita juu ya kofia ya Koosman, ambao ukiitazama kadi wima huuoni kabisa. Kwa vigezo vya PSA, mkunjo hafifu bado unaweza kukubaliwa katika daraja la 4, lakini kwa pembe hizi mimi nategemea 3, pengine hata 2.

Mtaniuliza: Munson ya 3 umeikataa, vipi Ryan ya 3 uikubali? Ni kwa sababu kadi hii imeghushiwa sana, na mnunuzi anayeiona mtandaoni ikiwa haina kasha anaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hivyo hupunguza bei kwa ajili ya hofu yake. Tuseme atoe dola 250 kwa kadi tupu na 400 kwa kadi iliyomo kwenye kasha. Hapo ada na posta zinalipika na kitu kinabaki. Namba iliyoandikwa kwenye lebo haijaongeza mengi. Kinacholipiwa ni uhakika kwamba kadi ni ya kweli. Kwa kadi za kisasa mambo ni kinyume, kwani huko tofauti ya 9 na 10 ndiyo biashara yote.

Bei hizo msizikisie. Tafuteni kadi zilizokwisha kuuzwa, za daraja lile lile, wala msiangalie bei anayoomba muuzaji, maana kuomba ni bure.

Ila uhakika huo nao una mipaka yake. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, ya mchezaji wa zamani Honus Wagner kutoka seti iitwayo T206, ilipewa 8, na mwaka 2013 dalali Bill Mastro akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo zake. Mimi pia niliwahi kuuziwa kadi iliyopunguzwa kwa wembe. Ilirudi bila namba, na ada haikurudi. Tangu hapo kila kadi naipima upana juu, katikati na chini kabla ya kuifunga.

Hii ya Ryan nimeipima mara tatu asubuhi, iko sawa. Naiingiza kwenye mfuko laini, kisha kwenye kishikizo cha plastiki nusu ngumu, halafu kadibodi pande zote mbili. Kesho inakwenda posta. Ikirudi tutafungua bahasha pamoja hapa hapa, na kama ni 2 mtanicheka.