Cha kununua kwanza ukitaka kung'oa chipu za memori

Mafundi wanaoanza kupokea simu zilizokufa zikiwa na picha za watu ndani huniuliza wanunue nini cha kung'olea memori. Mpangilio wangu ni huu.

Namba moja ni bloa, mashine ya kupuliza hewa ya moto. Quick 861DW ya wati 1000 naiweka juu ya zote: upepo wake una nguvu na joto haliyumbi. Zile za jamii ya 858D ni rahisi na zinatosha kwa bodi za simu, ila kwenye bodi nene ya laptop utasubiri mpaka soketi za plastiki za jirani zianze kulegea. Risasi ya kiwandani, yaani ile ya kulehemu iliyoshika chipu, huyeyuka karibu nyuzi 217, lakini bloa naiweka 350 au zaidi kwa sababu bodi inanyonya joto. Chipu isivutwe. Iguse ubavuni kwa ncha ya kibano. Ikicheza na kurudi mahali pake yenyewe, inyanyue. Niliwahi kuwahi sekunde chache kwenye eMMC (chipu ya memori ya simu) ya mteja, vidoa viwili vya shaba vikabanduka kwenye bodi. Data niliipata, simu ikawa ya spea.

Ya pili ni flaksi ya jeli, ya kusaidia risasi iyeyuke vizuri. Feki za chapa ya Amtech zimejaa, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye bodi mbovu: ikiacha masizi, kaa nayo mbali. Ongeza tepu ya Kapton ya kukinga sehemu za jirani na joto, haina gharama.

Ya tatu, hita ya chini. Ukishapasha bodi nzima hadi nyuzi 120 hivi, bloa haihangaiki. Wenye laptop wataihitaji kuliko wenye simu.

Risasi ya bismathi, inayoyeyuka nyuzi 138, huchanganywa na ya kiwandani ili iyeyuke mapema, ila inafaa chipu za miguu ya pembeni tu. Ukimaliza isafishe yote kwa utambi wa shaba, maana kiungo chake hukatika kirahisi.

Mashine ya infraredi waachie wanaobadilisha GPU (chipu za picha) kila siku.

Na kama kazi yako ni BIOS ya miguu minane (chipu yenye programu ya kuwashia kompyuta), anza na klipu ya kubana chipu ikiwa kwenye bodi na programa ya CH341A, kifaa cha kuisoma na kuiandika, huenda using'oe kitu. Angalizo: programa nyingi zile nyeusi hupeleka volti 5 kwenye laini za data hata chipu ikiwa ya 3.3, na chipu za 1.8 zinadai adapta yake. Pima kwa mita kabla ya kubana klipu.