Siku yangu ndani ya manowari HMS Belfast, London

Tulipanda HMS Belfast, manowari ya zamani ya Uingereza ambayo sasa ni makumbusho, asubuhi, mimi na mjomba, pale ilipofungwa mtoni Thames karibu na Tower Bridge. Kilichotupeleka ni jambo moja: Desemba 1961, Tanganyika ilipopata Uhuru, gwaride la heshima la Waingereza pale Dar es Salaam lilitolewa na manowari hii. Mjomba alikuwa na miaka sita. Anakumbuka alivyobebwa mabegani, taa zikazimwa, na zilipowaka tena bendera ilikuwa yetu.

Wenye magoti mabovu niwaambie mapema: ngazi ni za chuma, zimesimama kama ukuta, na kushuka ni kinyumenyume huku umeshika kwa mikono miwili. Meli ina sitaha tisa. Mjomba alibaki juu, mimi nikashuka hadi kwenye maboila, chini ya usawa wa maji. Nilipitia pia kwenye mnara wa mizinga. Kombora moja lina kilo 50 na ushei, yaani mfuko wa saruji, na mizinga ya namna hiyo ipo 12. Watu walikuwa wakiyapakia hayo makombora huku meli inayumba.

Meli hii ina heshima nne za vita, yaani majina ya mapigano iliyoshiriki ambayo meli hutunukiwa: Aktiki 1943, North Cape 1943, Normandy 1944 na Korea 1950–52. Kwa desturi ya wanamaji wa Uingereza, meli ikirithi jina hurithi na heshima zake. Belfast mpya inajengwa Glasgow, na itaingia baharini na zote nne kabla haijafyatua hata risasi moja. Kabla ya kwenda niliona ni mapambo tu. Sasa sioni hivyo. North Cape, kaskazini mwa Norway, ni tarehe 26 Desemba 1943, manowari ya Kijerumani Scharnhorst ilipozamishwa kwenye maji ya barafu: kati ya watu 1,968 waliokuwemo, waliokolewa 36. Korea ni Lau So, mhudumu Mchina, aliyeuawa Julai 1952 kombora lilipopiga meli. Ndiye pekee aliyeuawa humu kwa kombora la adui. Meli mpya ikibeba neno "Korea", inambeba na yeye. Nilisimama kule chini nikimfikiria, nikachelewa kupanda.

Mjomba aliniuliza Dar es Salaam imeandikwa wapi kwenye heshima hizo. Nikamwambia haimo, kwa sababu siku ile hapakuwa na vita. "Afadhali," akasema, akaenda kusimama omo peke yake, akitazama mto. Sikumsumbua.

Kwangu ilistahili kila senti ya kiingilio, na nitarudi na wanangu. Mkienda, tengeni saa tatu nzima, vaeni viatu visivyoteleza, na mizigo mikubwa iacheni nyumbani, maana milango ya ndani ni myembamba.